Wenyeji wa Pango la Mtondooni

Hapo kale, wanangu, miaka ile watu walipoanza kuingia msituni bila shoka wala mtego, wakitazama tu na kwenda zao, palikuwa na kisiwa chenye mawe makali na msitu uitwao Mtondooni. Chini ya mawe hayo palikuwa na pango, na ndani ya pango palikuwa na maji baridi, matamu, yasiyokauka hata wakati wa jua kali. Msitu mzima ulikuwa ukinywa hapo.

Jirani na pango aliishi Sange. Anayemjua Sange anyamaze kwanza, niwaeleze wasiomjua. Ni mnyama mdogo, anaenea kwenye viganja viwili vya mtu mzima. Ana miguu ya nyuma mirefu, macho makubwa, na pua ndefu inayochezacheza wakati wote kama inayotafuta kitu ilichokisahau. Kazi yake ilikuwa kufagia njia. Kila asubuhi alipita njia zote za Mtondooni, akitupa majani makavu pembeni, fya, fya, fya. Akimwona mgeni anakuja, alipiga mguu chini, tu-tu-tu-tu, na msitu wote ukajua kuna hodi.

Mkewe aliitwa Mize. Walikuwa wametoka tu kupata pacha.

Wanyama wa Mtondooni walikuwa na ada zao, kama sisi. Mgeni akifika, mwenyeji humpa maji kabla ya kumwuliza habari. Mwenyeji hali kabla mgeni hajala. Na mgeni akiondoka, mwenyeji humsindikiza, wala hageuki mpaka mgeni mwenyewe aseme, "Rudi sasa, asante." Kulikuwa na Fungo mmoja aliyegeuka kwenye kona ya kwanza kwa sababu aliacha chungu motoni. Chungu hakikuungua. Lakini tangu siku hiyo ukoo wake unaitwa Wale wa Kona, na kuwaoza binti zao ni kazi.

Basi mwaka huo jua lilikuwa kali. Madimbwi yalikauka, umande ukawa haba, majani ya mikungu yakaanguka kabla ya wakati wake. Bibi yangu aliyenisimulia alisisitiza kwamba ilikuwa mikungu, si miembe, nami naiacha kama alivyoiacha. Yakabaki maji ya pango peke yake.

Siku moja Chui alikuwa amejilaza juu ya tawi, pembezoni mwa msitu. Chini yake wakapita watu. Mmoja alishika fimbo na kuwaambia wenzake, "Hapa ni hifadhi. Haruhusiwi mtu kukata, kuwinda wala kuchukua chochote. Tunavihifadhi hivi kwa ajili ya vizazi."

Chui aliposikia hayo, mkia ulimcheza kwa furaha. Akashuka upande wa pili, akaenda zake mbio. Yule mtu hakuwa amemaliza kusema, lakini Chui hakuwa na tabia ya kusikiliza mpaka mwisho.

Sange naye alikuwa chini ya mti huohuo, ndani ya majani. Yeye alibaki.

Chui alimkuta Nguruwe anagaragara vumbini.

"Nguruwe ndugu yangu, inuka. Tumepata hifadhi."

"Inalika?"

"Hailiki. Ni mahali ambapo wewe unakaa na wengine hawaruhusiwi."

Nguruwe alifikiri kidogo tu, kwa kuwa kufikiri sana kulimwumiza shingo. "Hiyo ni bora kuliko chakula," akasema. "Tunaiweka wapi?"

"Penye maji."

Asubuhi iliyofuata Sange alitoka na kifuu chake kwenda kuchota maji. Akakuta kamba ya mtoria, mmea utambaao wa msituni, imefungwa mbele ya pango, kutoka jiwe hadi jiwe, na nyuma ya kamba wamesimama Chui na Nguruwe. Mbele ya kamba wanyama walikuwa wamejaa na vyombo vyao.

"Kuanzia leo hapa ni hifadhi," Nguruwe akatangaza. "Maji haya yanahifadhiwa."

"Na nani?" Bi Kima akauliza kutoka mtini. Huyu alikuwa na watoto wengi na mdomo mwepesi.

"Na sisi."

"Yasipatwe na nini?"

"Yasinywewe."

"Kwa ajili ya nani?"

Nguruwe akamtazama Chui. Chui akajinyoosha. "Kwa ajili ya vizazi," akasema.

"Vizazi vyangu hivi hapa," Bi Kima akasema, "na vina kiu. Vimekula majani ya mkungu tangu alfajiri, vikala na makaa ya kutuliza tumbo. Unajua makaa yakikosa maji yanakaa wapi? Yanakaa hapa." Akajishika koo.

"Basi vizidi kula makaa," Nguruwe akasema.

"Ndivyo nilivyokwambia, vimekula."

Nguruwe akageuka, akaingia pangoni. Chubwi.

"Mbona yeye ameingia?" wanyama wakauliza.

"Anakagua," Chui akasema.

Kutoka ndani ikasikika sauti ya mtu anayekagua maji kwa kuyanywa, kisha ya mtu anayeyakagua kwa kuyaoga.

Sange akasogea mpaka kwenye kamba. "Shikamoo Bwana Chui. Mimi nyumba yangu iko pale, kamba imepita mlangoni kwangu. Nitapita wapi?"

"Marahaba. Usijali kupita. Kuanzia kesho nyumba hiyo haipo."

"Haipo?"

"Hifadhi inatakiwa iwe na majani chini, iwe kama hifadhi. Wewe unafagia, unaharibu. Chukua mkeo na vitoto vyako uende zako kule kwenye mawe."

"Kule hakuna maji, Bwana Chui. Wala kivuli. Watoto hawajafumbua hata macho vizuri."

"Ndiyo maana nimesema kesho," Chui akasema. "Sina roho mbaya."

Sange akarudi nyumbani na kifuu kitupu. Mize alikuwa amelala ubavu, pacha wamemwangukia.

"Uliondoka kuleta maji au kuleta habari?"

"Nimepata habari tu, mke wangu."

Akamweleza yote. Mize akasema, "Maziwa yamepungua tangu jana. Nisipokunywa leo, kesho hakuna. Ukitupeleka kule maweni na jua hili, hutarudi na watu wote."

Sange alichukua jani lililoanguka mlangoni akalitupa nje, kwa mazoea.

"Na mjomba Kobe je?" Mize akauliza. "Akifika atakuta nyumba haipo. Sasa amefika wapi?"

"Jana nilimwacha pale penye mtondoo mkubwa, karibu kabisa. Anasema anakuja harusini kwetu."

"Harusi ya mwaka jana."

"Ndiyo. Alianza safari siku aliyopata mwaliko. Si kosa lake."

Hapo pua ya Sange ikaacha kucheza. Mize alishtuka, maana hakuwa amewahi kuiona imetulia.

"Mize, mjomba akifika leo, ni mgeni wa nani?"

"Wetu, wa nani mwingine?"

"Leo si wetu," Sange akasema. Akatoka mbio, fyu.

Alirudi pangoni akawakuta Chui na Nguruwe wamejilaza kivulini. Wanyama wengine walikuwa bado wamekaa pale pale, hawana pa kwenda. Sange akasimama mahali ambapo wote wangemsikia.

"Nimekuja kuwapongeza," akasema. "Ila naona hifadhi yenu ina upungufu."

"Upungufu gani?" Chui akainua kichwa.

"Haina wageni. Bwana Chui, wewe uliwasikia wale watu, na mimi niliwasikia. Uliondoka mapema. Ulipoondoka, yule mwenye fimbo aliwaonyesha wageni mti. Wageni wakasema, 'Ajabu.' Akawaonyesha jiwe. 'Ajabu.' Akawaonyesha hata shimo tupu. 'Ajabu.' Yule mwenye hifadhi alisifiwa mchana kutwa. Nyinyi mmekaa hapa na maji, nani anawasifu?"

Chui akatazama huku na huku. Kweli, hakuna aliyekuwa akimsifu. Bi Kima alikuwa anamtazama kwa namna nyingine kabisa.

"Wageni wataona nini?" Nguruwe akauliza.

"Miti, pango, na madoa ya Bwana Chui."

"Na mimi?"

"Na wewe. Ukijisafisha."

Chui akalamba bega lake. "Mgeni huyo atapatikana wapi?"

"Yupo, mtu mzima wa heshima, anatoka upande wa pili wa kisiwa. Akisema kitu, kisiwa kizima kinasikia. Nitamleta leo hii, nimtembeze mimi mwenyewe, maana njia nazijua. Lakini atataka kujua mwenyeji wake nani. Nimwambie mwenyeji ni mimi?"

"Wewe?" Nguruwe akacheka mpaka akakohoa. "Wewe ni mfagia njia."

"Basi nimwambie ni Bi Kima?"

"Wenyeji ni mimi na Nguruwe," Chui akasema kwa sauti kubwa. "Wote mnasikia? Wenyeji wa hapa ni sisi wawili. Hakuna mwenyeji mwingine."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Tumesikia," Bi Kima akasema kutoka juu. Alikuwa amemtazama Sange usoni, akaona kitu, akaacha kulalamika.

Sange akaondoka. Hakwenda mbali. Alimkuta Mzee Kobe penye mtondoo ule ule wa jana, ila upande wake wa pili.

"Shikamoo, mjomba."

Kichwa kikatoka pole pole. "Marahaba. Nani? Bwana harusi?"

"Ndimi."

"Nimechelewa?"

"Kidogo, mjomba. Tumeshapata watoto."

Kobe akafikiri. "Basi nimewahi akika," akasema. "Dada yangu Mwanakheri naye yuko nyuma yangu. Yeye si mtu wa haraka kama mimi."

Sange akamsogelea sikioni, akamweleza habari ya pango, kamba na vitoto. Kobe akasikiliza mpaka mwisho, maana yeye kila kitu alikifikisha mwisho.

"Unataka nifanye nini?"

"Uwe mgeni, mjomba. Basi. Mgeni kama unavyokuwa siku zote."

"Hilo naliweza," Kobe akasema.

Tu-tu-tu-tu. Msitu ukajua kuna hodi. Jua lilikuwa limeanza kuinama Kobe alipofika kwenye kamba. Chui alikuwa amejilamba mpaka anang'aa. Nguruwe alikuwa amejisafisha upande mmoja.

"Karibu, Mzee Kobe," Chui akasema. "Karibu hifadhini kwetu."

"Nyinyi ndio wenyeji?"

"Ndio sisi."

"Nina kiu," Kobe akasema.

Ada ni ada. Chui akaingia pangoni akaleta maji kwenye kata. Kobe akanywa. Akapumzika. Akanywa tena. Kisha akasema yuko tayari kutembezwa.

Sange akatangulia, akaonyesha kwa pua. "Huu hapa ni mtondoo."

Kobe akautazama mtondoo. Aliutazama mpaka Nguruwe akaanza kubadilisha miguu.

"Ajabu," Kobe akasema.

Chui akatabasamu.

"Na huu ni mkungu."

"Nilipopita hapa mara ya kwanza ulikuwa tunda," Kobe akasema. "Niliukanyaga." Akasimulia alivyoukanyaga, na kwa mguu upi. Kisha akaukumbuka vizuri, akasema ulikuwa mguu mwingine, akarudia tangu mwanzo.

Tumbo la Nguruwe likanguruma, guruu. Hakuwa amekula tangu asubuhi, akijua kutakuwa na karamu. Karamu ilikuwepo, mizizi na matunda yamepangwa juu ya jani la mgomba. Lakini mgeni alikuwa hajala, na mwenyeji hali kabla ya mgeni.

Walipoketi, Kobe akachukua jani moja. Akalitafuna. Nguruwe akamtazama anavyotafuna, taya likienda kulia, likienda kushoto, likisimama katikati kupumzika.

"Chukua na jingine, Mzee," Nguruwe akasema kwa sauti nyembamba.

"Nikimaliza hili," Kobe akasema.

Alipolimaliza alishukuru, akasema ameshiba, na kwa kuwa ameshiba ni vizuri aondoke kabla ya giza. Nguruwe akarukia mizizi, lakini Chui akamshika mkia.

"Mgeni anaondoka."

"Aondoke. Si ameshasema ajabu?"

"Tumsindikize. Watu wanatazama."

Kweli, kila tawi lilikuwa na macho. Bi Kima alikuwa amewapanga watoto wake mstari mmoja. "Watazameni wenyeji wa kweli, wanangu," akawaambia kwa sauti ya kusikika. "Wale hawawezi kuwa Wale wa Kona."

Basi wakaanza kumsindikiza. Sange akatangulia kufagia, fya, fya, fya. Nyuma yake Kobe. Nyuma ya Kobe, Chui na Nguruwe, wakinyanyua mguu, wakingoja, wakiushusha.

Walipofika kona ya kwanza, Chui akakohoa. "Mzee, tumefurahi sana."

"Na mimi," Kobe akasema, akaendelea.

Penye mtondoo mkubwa Nguruwe akasema, "Mzee, njia unaijua?"

"Naijua vizuri. Lakini mkiwepo inapendeza."

Walipoupita mtondoo, Nguruwe akashindwa kuvumilia. "Mzee Kobe, panda mgongoni kwangu. Nitakufikisha mara moja."

Kobe akasimama. Kwa kusimama kwake ilichukua muda mtu kujua kwamba amesimama. "Kijana," akasema, "hii niliyoibeba ni nyumba yangu. Wewe ukinibeba, utakuwa umembeba mgeni pamoja na nyumba yake. Kwenu huko mgeni hubebwa kama gunia?"

"Samahani, Mzee," Chui akasema haraka. "Huyu hakulelewa."

"Nimelelewa," Nguruwe akanong'ona. "Nina njaa."

"Nyamaza, tabasamu. Kuna kima kule juu."

Sange akageuka. "Wenyeji wangu, njia ya mbele ina majani mengi, si heshima mgeni kukanyaga majani. Naenda kufagia."

Akaenda mbele mpaka kwenye kona ya njia. Hapo akakata kushoto, akapita chini ya mizizi, akarudi pangoni, fyu. Akasimama juu ya jiwe.

Tu-tu-tu-tu. Tu-tu-tu-tu.

Kila mmoja alielewa. Kamba ile ya mtoria ilirukwa na wenye miguu mirefu, ikapitwa chini na wenye miguu mifupi, na watoto wa Bi Kima wakaifanya bembea. Chubwi, chubwi, chubwi. Makaa yakashuka kooni. Karamu ya Nguruwe nayo haikuachwa ikauke juani.

Sange akajaza kifuu, akakipeleka nyumbani kwa mikono miwili, bila kumwaga tone. Mize akanywa mpaka akaona chini.

"Na habari?" akauliza, akifuta mdomo.

"Leo nimeleta maji tu," Sange akasema. "Habari iko njiani."

Kesho yake Sange hakuhama, maana aliyemwamuru ahame hakuwapo. Alikwenda kuwatazama wasindikizaji. Walikuwa wamefika bondeni. Kobe anasimulia habari za babu yake, ambaye naye alikuwa mtu wa safari. Chui alikuwa na vumbi mpaka kwenye masharubu.

"Sange," akasema kwa sauti ya chini, "huyu mzee anasema lini 'rudini'?"

"Sijui, Bwana Chui. Ngoja nimwulize." Akasogea mbele. "Mjomba, wenyeji wako kwa kawaida unawaachia wapi?"

"Mlangoni kwangu," Kobe akasema. "Si vizuri kumpunguzia mtu heshima yake."

"Na mlango wako uko wapi?"

"Upande wa pili wa kisiwa. Si mbali. Nilitoka kule juzijuzi tu, mwaka jana."

Nguruwe akakaa chini, puu. Akanyanyuka tena, kwa sababu ndege wa juu walikuwa wameanza kumwita kwa jina la Fungo.

Sitawaeleza safari yote, maana bibi yangu alipoieleza yote tulilala. Nitasema tu kwamba mvua za masika ziliwakuta njiani. Madimbwi yakajaa, kila jiwe likashika maji, pacha wa Sange wakakua wakawa wanafagia njia wenyewe. Siku Kobe alipofika mlangoni na kusema, "Rudini sasa, asante," Chui alilia kidogo. Alisema ni mvua.

Basi wakarudi. Chui mbavu nje, Nguruwe ngozi imemlegea kama koti la kaka yake. Walipofika pangoni walikuta kamba imekuwa bembea kweli kweli, wanyama wanachota, wanacheka, na Sange anafagia mlangoni kwake, nyumba iko palepale.

Chui akapandwa na hasira. "Nani amewaruhusu? Hapa ni hifadhi. Ondokeni wote. Na wewe, mfagia njia, nilikwambia kesho. Kesho imepita zamani."

Watoto wa Bi Kima wakashuka kwenye bembea. Wenye vifuu wakavishusha. Chui mwembamba bado ni Chui, wanangu, meno hayakondi.

Mize akawakusanya pacha wake nyuma ya mlango. Sange akaweka jani alilokuwa nalo chini, taratibu.

"Sawa, Bwana Chui," akasema. "Umerudi, na maji ni yako. Nikuulize tu neno moja, nisije nikakosea kwa watu. Mwenyeji wa hapa bado ni wewe?"

"Mimi na Nguruwe. Nilishasema."

"Ulisema. Afadhali, maana nilikuwa nahangaika peke yangu." Sange akapiga mguu chini. Tu-tu-tu-tu.

Wote wakatazama njia. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha, kwenye kona, jiwe moja likasogea. Likasogea tena. Likatoa kichwa.

"Hodi," sauti ikasema. "Mimi ni Mwanakheri, dada yake Kobe. Nimekuja harusini. Sijachelewa?"

Nguruwe akarudi nyuma hatua moja.

"Kaka yangu tulipita njia tofauti, ila ndege wameniletea salamu zake," Bi Mwanakheri akaendelea. "Amewasifu sana wenyeji wa hapa. Anasema hajawahi kusindikizwa hivyo. Nami nikasema, basi nitakaa kidogo, halafu wanisindikize na mimi. Ila mimi nimemzidi kaka umri, na goti hili moja halikunji vizuri, kwa hiyo tutakwenda taratibu." Akatazama nyuso zote, moja moja. "Mwenyeji ni yupi?"

Nguruwe alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Mimi si wa hapa, mama," akasema. "Mimi nilipita kuuliza njia."

"Na wewe, kijana mwenye madoa?"

Chui akafungua mdomo. Akamtazama Bi Mwanakheri. Akalitazama lile goti.

"Mimi?" akasema. "Mimi mpita njia tu. Simjui hata huyu Nguruwe."

"Semeni kwa sauti, wapita njia," Bi Kima akawaambia kutoka juu. "Watoto wangu hawajasikia."

"Mimi mpita njia tu," wakasema wote wawili, Chui akaongeza, "na maji haya si yangu."

"Mbona hamkai mkanywa kidogo?" Sange akauliza. "Ada yetu hapa, mpita njia hupewa maji kabla ya kuulizwa habari."

Wakanywa wamesimama, mmoja baada ya mwingine, wakashukuru, wakaondoka. Wakati wa kuondoka Sange alinyanyuka awasindikize. Kabla hajaweka mguu njiani, wote wawili walishasema, "Rudi sasa, asante," na vumbi lao likabaki limesimama pale walipokuwa.

Sasa niwaambie kile Sange alichokisikia chini ya mti baada ya Chui kuondoka. Yule mtu wa fimbo, alipomaliza kuwaonyesha wageni wake miti na mawe, aliwamiminia maji ya kibuyu chake mpaka yakaisha, yeye hakunywa, kisha akawasindikiza juani hadi barabarani. Sehemu hiyo Sange hakuwaambia Chui na Nguruwe. Hawakumwuliza.

Bi Mwanakheri alikaa Mtondooni mpaka akachoka kukaa. Alisindikizwa na msitu mzima kwa zamu, kila mmoja kipande chake, na hakuna aliyekonda.

Hata leo, mkienda msituni mkakuta kijia chembamba kimefagiwa safi katikati ya majani, mjue ni cha Sange. Mkitulia mtasikia anapiga mguu, tu-tu-tu-tu. Na Chui, kama bado yuko mahali, akisikia mlio huo hupanda juu ya mti na kujifanya tawi, asije akaulizwa mwenyeji ni nani.

Hadithi yangu inaishia mlangoni kwa Sange, na fundisho lake ni hili: anayetaka aitwe mwenyeji peke yake, ajue na kazi ya mwenyeji itakuwa yake peke yake.